Komeo la Ndani: Siti, Nguzo Mama na Daftari la Mihtasari

Mlango hufungwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kufuli. Kufuli hutiwa nje, likaonekana na kila apitaye. Mgeni akifika hulitazama, akajua kwamba amezuiwa, na akitaka huuliza ni nani mwenye ufunguo. Njia ya pili ni komeo, ambalo hutiwa kwa ndani. Aliye nje huona mlango mtupu usio na kizuizi chochote. Husukuma, mlango usifunguke. Husukuma tena, na mwisho hudhani kwamba mikono yake ndiyo dhaifu. Katika makala haya twakusudia kuchunguza jinsi fasihi yetu ya Kiswahili ilivyolitazama komeo hilo, yaani vile vizuizi ambavyo havikuandikwa katika sheria yoyote lakini huwazuia wanawake, na watu wa makundi mengine pia, wasipande katika kazi na madaraka. Tutatazama vitabu viwili, Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert na Nguzo Mama ya Penina Muhando, na kitabu cha tatu ambacho hakiuzwi dukani: daftari la mihtasari ya vikao, ambalo sisi wenyewe tuliliandika kwa miaka mingi.

Waandishi wa siku hizi wamezoea kuutafsiri msemo wa Kiingereza na kusema habari za dari la kioo. Hatuupendi msemo huo. Nyumba nyingi za Mpanda tulizokulia hazikuwa na dari la aina yoyote. Juu ya kichwa palikuwa na nyasi au bati, na kioo kilikuwa cha kujitazamia. Mwanafunzi akiambiwa habari za dari la kioo hukariri, hafahamu. Komeo kila mtoto analijua, maana yeye ndiye atumwaye kulitia jioni.

Wazee wetu walilijua kufuli. Mji wa Mpanda ulikua kwa sababu ya madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ndiyo iliyochimba, na reli kutoka Kaliua, iliyofika Mpanda mwaka 1950, ililetwa hasa kwa ajili ya mgodi huo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, na reli ikabaki kutubebea mahindi na ndugu zetu. Katika zama zile ngazi ya kazi ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mshahara uliifuata rangi kama kivuli kimfuatavyo mtu. Lilikuwa jambo la dhuluma, lakini halikuwa fumbo. Mwafrika aliyekuwa hodari kuliko msimamizi wake alijua vema kwa nini yeye hakuwa msimamizi.

Shaaban Robert aliishi chini ya kufuli hilo. Aliingia ukarani wa serikali mwaka 1926, akatumika katika Forodha, akahamishiwa Mpwapwa katika Idara ya Mifugo, kisha akarudi Tanga. Alipofariki mwaka 1962 jina lake lilikuwa limekwisha kuenea Afrika Mashariki yote, lakini katika ofisi za Mkoloni alikuwa karani. Twalikumbusha jambo hili kwa kuwa mtu huyu, ambaye alijua kwa mwili wake maana ya kuzuiwa, ndiye aliyechagua kuandika maisha ya Siti.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa, nalo latosha kutueleza hali ya wazazi wake. Alifinyanga vyungu na kuvipeleka mjini kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa uimbaji, na taratibu akapata kusikika. Taarabu, ambayo katika majumba ya wakubwa ilizoea kuimbwa kwa Kiarabu, yeye aliiimba kwa Kiswahili, na watu waliokuwa wakisikiliza bila kuelewa wakaanza kuelewa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri, na sahani hizo zikaenea pwani na bara. Hata jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, hakuzaliwa nalo, alilipata. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, aliyewahi kuonana naye, aliandika wasifu wake, nao ukachapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958.

Yafaa kwanza tumpe mwandishi haki yake. Maisha yaliyokuwa yakiandikwa kwa Kiswahili kabla ya hapo yalikuwa zaidi ya Mitume, masharifu, watawala, na wafanyabiashara wakubwa kama Tippu Tip. Shaaban Robert alimchukua mwanamke mfinyanzi mwenye jina la kitumwa, akampa kitabu kizima, kwa lugha ileile ya heshima ambayo wengine waliwawekea masultani. Kwa tendo hilo peke yake alifungua mlango ambao watu wengi hawakujua kama upo. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti. Na twaamini kwamba bila ya Wasifu ule jina hilo lisingalikuwa na uzito uliokuwa nalo.

Hata hivyo msomaji makini akifunga kitabu hubaki na swali. Mkazo mkubwa wa Wasifu umewekwa katika tabia ya Siti: subira yake, ukarimu wake, na jinsi alivyostahimili maneno ya watu waliomcheka kwa sura yake na asili yake. Ameshinda kwa sababu ya kipaji na kwa sababu ya moyo. Matusi huelekea kuonekana kama kasoro ya tabia ya wanaotukana. Sisi twayaona kuwa ni zaidi ya hivyo. Utumwa ulikatazwa na sheria Unguja mwaka 1897; kufuli lilikuwa limekwisha kuondolewa miaka kumi na minne kabla Siti hajahamia mjini. Hapakuwa na sheria iliyomzuia mwana wa mtumwa asiimbe mbele ya wenye majumba. Kilichobaki ni maswali yaliyoulizwa barazani kwa sauti ya kawaida: huyu ni nani, babaye ni nani, ametoka shamba gani? Maswali hayo hayakuwa wivu wa mtu mmoja au wawili. Yalikuwa komeo, na waliolitia walikuwa watu wastaarabu, wacheshi, waliojua kuandika mashairi.

Siti mwenyewe hakuwa kipofu wa jambo hili. Wimbo wake wa Kijiti wasimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa Unguja, na jinsi muuaji alivyotoroka ilhali mkono wa sheria uliwaangukia wanawake. Mwimbaji alikuwa ameutazama mlango na kulitaja komeo. Mwandishi wa maisha yake amekaza macho zaidi kwenye mikono ya yule asukumaye.

Kwa nini imekuwa hivyo? Hatumlaumu Shaaban Robert kwa pupa. Mtu aliye mbele ya kufuli hana nafasi ya kufikiri juu ya komeo. Tena alikuwa baba. Alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Walimu wangefanya vema kuwapa wanafunzi tenzi hizo mbili kwa siku moja, upande kwa upande, na kuwaambia waandike yapi baba ameyataka kwa binti tu, yapi kwa kijana wa kiume tu, na yapi kwa wote wawili. Hatutatoa majibu hapa. Twasema tu kwamba mwalimu mmoja rafiki yetu alitualika tulifanye zoezi hilo na vijana wake wa kidato cha tatu, na mjadala uliozuka ulikula vipindi viwili. Wavulana walianza kwa kelele, nao ndio waliokuwa wa kwanza kunyamaza.

Hatari ya kumsifu mno aliyeruka ukuta ni kwamba ukuta husahauliwa. Nchi yetu imewapata kina Siti katika utawala pia. Mwaka 1975 Tabitha Siwale na Julie Manning waliingia katika Baraza la Mawaziri wakiwa mawaziri kamili. Mwaka 1995 Getrude Mongella alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Beijing. Mwaka 2010 Anna Makinda akawa Spika. Tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais, na katika mwaka huohuo mkoa wetu wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Mkoa wa Rukwa, ulipata Mkuu wa Mkoa mwanamke, Bi Mwanamvua Mrindoko. Haya ni mambo ya kujivunia, nasi twajivunia. Lakini anayeteuliwa kutoka juu hapiti katika mlango wetu. Mlango wetu ni ule wa katikati: ukuu wa kitengo, ukuu wa shule, uenyekiti wa bodi ya ghala, ufundi mkuu wa karakana. Hapo ndipo vikao hukaa, na hapo ndipo komeo lilipo. Mtu aweza kuwa na Rais mwanamke ukutani, katika picha, na chini ya picha hiyo akasema yale ambayo tutayasimulia punde.

Wala isisemwe kwamba kutawala kwa mwanamke ni jambo la kigeni lililoletwa na mikutano ya mataifa. Majirani zetu wa Ufipa husimulia jinsi wanawake watatu wageni walivyofika Milansi wakati mtawala hayupo, wakakalia kiti chake, na kwamba ukoo wa Watwa uliotawala Ufipa watokana nao. Wazee waliosimulia hadithi hiyo hawakuona ajabu kwamba waliokikalia kiti ni wanawake. Waliona ajabu kwamba ni wageni.

Tugeukie sasa lugha, maana komeo nyingi zimechongwa kwa lugha. Kiswahili kimetujalia neema ambayo lugha nyingi za Ulaya hazina: hakitofautishi yeye wa kiume na yeye wa kike. Tukisema amepanda cheo, sentensi haituambii kama ni mwanamume au mwanamke. Mtu angetazamia kwamba lugha kama hii ingekuwa na ofisi zilizo huru. Lakini tazameni tulivyowaita wataalamu wetu. Wa kilimo alikuwa Bwana Shamba, wa mifugo Bwana Mifugo, wa afya Bwana Afya. Mwanamke alipoanza kutumwa vijijini wananchi walimwita Bibi Shamba, wakamkaribisha vizuri, wakampa kiti na maji, kisha wakamwuliza Bwana Shamba mwenyewe atafika lini. Sarufi haikumzuia. Alizuiwa na neno moja lililokuwa limekwisha kukaa kwenye kiti kabla yake.

Na hapa twafikia daftari letu. Hadi mwaka 2004 mtumishi wa serikali alipimwa kwa taarifa ya siri: mkuu wake alijaza fomu, fomu ikatiwa bahasha, bahasha ikaingia katika jalada la siri, na mhusika kwa kawaida hakuyasoma yaliyoandikwa juu yake. Sisi tuliokuwa masjala tulizijua bahasha hizo kwa uzito wake. Mwaka huo wa 2004 ukaja mfumo wa wazi wa upimaji, ambamo mkuu na mtumishi walikaa pamoja na kukubaliana malengo. Ilikuwa hatua njema sana. Lakini kauli zilizozoea kuishi ndani ya bahasha hazikufa. Zilihama nyumba, zikaingia vikaoni.

Miaka mingi iliyopita, katika ofisi ambayo hatutaitaja, tulikaa kama katibu wa kikao kilichojadili nani akabidhiwe kitengo fulani. Majina yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la dada mmoja mwenye stashahada, ambaye alikuwa amekaimu nafasi hiyo kwa muda mrefu bila lawama. La pili lilikuwa la bwana aliyemzidi umri lakini si kazi. Mjumbe mmoja, mtu mwema, mwenye mabinti aliokuwa akiwasomesha kwa shida, aliuliza: “Kazi hii ina safari za Inyonga na Karema. Mumewe ataridhia?” Mjumbe wa pili akasema kwamba dada huyo ana mtoto mchanga, basi tusimwonee kwa kumtwisha mzigo. Hakuna aliyetamka neno baya. Hakuna aliyeuliza kama mke wa yule bwana angeridhia, ingawa nyumba yake ilikuwa na watoto watano. Kikao kilijaa huruma tupu. Kwa dakika chache shauri likawa limekwisha, na mwenyekiti akatugeukia: “Katibu, iweke vizuri.”

Tuliiweka vizuri. Sisi ni watu wa mizani na vina, na neno zito hatulikosi likitakiwa. Tuliandika: “Kikao kiliona kwamba mazingira ya sasa hayajaruhusu.” Tuliisoma mara mbili, tukaridhika nayo. Ilikuwa fupi, haikumtukana mtu, iliacha tumaini katika neno la sasa. Barua ilipotoka ilibeba maneno yaleyale. Dada yule alikuja masjala na barua mkononi, akasimama mbele ya meza yetu, akauliza kwa adabu:

“Samahani, kaka. Mazingira ni nani?”

Kwa sarufi alikuwa amekosea, maana mazingira si mtu. Kwa maana alikuwa amepatia kuliko sisi. Kitenzi kuruhusu hutaka mwenye kuruhusu, na mwenye kuruhusu ni mtu, ana jina, amekunywa chai kikaoni. Sisi tulikuwa tumemtoa mtu huyo katika sentensi na kumweka mahali pake kitu kisichoshtakika. Hatukumjibu. Tulimwambia arudi kesho aonane na mkubwa. Hakurudi kesho, na baada ya muda alihamia mkoa mwingine.

Tangu siku ile hatukuweza kuisoma mihtasari kama tulivyokuwa tukiisoma. Tulirudi katika madaftari ya nyuma na kuyasoma kama mhakiki asomavyo diwani, tukitafuta mtenda. Imeonekana: na nani? Busara imeelekeza: busara ya nani? Apewe muda wa kupata uzoefu: uzoefu gani, ikiwa kazi hiyohiyo ameifanya kwa kukaimu? Tuligundua kwamba palipokuwa na sababu ya haki, sentensi zetu zilikuwa na watu ndani yake: Fulani hakuwasilisha hesabu, Fulani hana cheti kinachotakiwa. Palipokuwa na komeo, watu walitoweka na lugha ikapanda daraja. Kila sentensi yetu iliyokuwa nzuri zaidi ilikuwa na mtu aliyefichwa. Kwa mshairi huo ni ugunduzi mchungu, na hatujaumaliza.

Msomaji asidhani kwamba twajitetea kwa kuwa nasi tumezuiwa. Ni kweli tumezuiwa: elimu yetu ni ya kidato cha nne, na muundo wa utumishi hutamka wazi kwamba vyeo fulani vyataka stashahada au shahada. Lakini hilo ni kufuli. Tumelisoma kwa macho yetu, twajua ufunguo uko wapi, na kama hatukwenda kuutafuta tulipokuwa vijana, kosa kubwa ni letu. Dada yule alikuwa na ufunguo mkononi.

Sheria nayo yaweza kulipaka komeo mafuta bila kukusudia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Baba alipewa siku 3. Hakuna mwenye akili atakayeilaumu likizo ya mama; ni haki iliyopiganiwa. Lakini tarakimu hizo mbili zikikaa pamoja humwambia mkuu wa ofisi jambo ambalo sheria haikulisema: kwamba mtoto ni wa upande mmoja, na kwamba mtu wa upande wa pili atakuwa mezani pake siku ya nne. Mjumbe wetu mwema alikuwa ameisoma hesabu hiyo barabara.

Komeo halitiwi kwa wanawake peke yao. Mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia mauaji ya Burundi, na makazi ya Katumba, kisha Mishamo, yakafunguliwa katika ardhi ambayo leo ni ya mkoa wetu. Watoto walizaliwa humo, wakakua, wakasoma katika shule zetu; na kuanzia mwaka 2014 watu wapatao 162,000, wa makazi hayo mawili pamoja na Ulyankulu, wakapewa vyeti vya uraia. Ni ukarimu ambao mataifa machache yameuonyesha. Kufuli likafunguliwa hadharani. Lakini kijana wa Katumba akiomba nafasi, cheti chake kikiwa safi na alama zake zikiwa juu, mtu mezani huuliza: “Sawa, lakini huyu ni wa wapi hasa?” Hilo neno hasa, lenye silabi mbili tu, ndilo komeo. Ni swali lilelile lililoulizwa barazani Unguja juu ya mwana wa mfinyanzi. Twangoja riwaya ya Kiswahili itakayoandikwa na mtoto wa makazi hayo, na twaomba wachapaji wasimwulize swali hilo.

Tumeiweka Nguzo Mama mwisho kwa makusudi, ingawa twaiona kuwa ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Tamthilia hii ilitoka mwaka 1982, wakati Penina Muhando alipokuwa amekwisha kutupa Hatia, Heshima Yangu na Pambo. Katika kijiji cha Patata nguzo imelala chini, na wanawake wametwishwa kazi ya kuisimamisha. Bi Msimulizi hutuongoza. Wanawake wenyewe hawana majina tuyajuayo. Wanaitwa kwa tarakimu, Bi Pili, Bi Tatu, Bi Nne, na kuendelea. Kila wakijaribu kukusanyika, shida humvuta mmoja pembeni: mume, fedha, ndugu wa marehemu wanaodai mali, na ugomvi wa wao kwa wao. Nguzo haisimami.

Tumewasikia walimu wakilalamika kwamba mwandishi amewalaumu mno wanawake, kana kwamba wangepatana tu, nguzo ingesimama. Lawama hiyo ina chembe ya kweli. Lakini wanaoitoa hawajatazama kwamba kila shida inayomvuta mwanamke pembeni ina mtu nyuma yake ambaye hakutwishwa nguzo. Muhando amefanya ambalo Shaaban Robert hakulifanya: ameuonyesha uzito. Na tarakimu zile, ambazo wanafunzi huzicheka, ni za kweli kuliko zinavyoonekana; katika daftari letu pia dada yule aliandikwa kuwa mtumishi namba mbili wa ajenda ya tatu. Wasifu wa Siti una jina bila ukuta. Nguzo Mama ina ukuta bila majina. Fasihi yetu bado yadaiwa kitabu chenye vyote viwili, na humo ndani awemo pia mwenye mkono kwenye komeo, na awe mtu mwema, kama walivyokuwa wajumbe wa kikao chetu na katibu wao.

Kwa wasichana wa Katavi jambo hili si la fasihi tu. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa mkoa wetu wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Ilikuwa ya juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Wakati ule aliyepata mimba alitoka shuleni, na mlango ukafungwa nyuma yake. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana hao waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Kufuli hilo nalo limefunguliwa. Lakini msichana hurudi na kukuta dawati lake limesogezwa nyuma kidogo, na kwamba hakuna tena anayempendekeza kuwa kiranja. Hakuna waraka uliosema hivyo.

Mwaka mmoja shule moja ya hapa kwetu iliigiza Nguzo Mama, nasi tulialikwa. Kwa nguzo walikuwa wameleta mti mkavu mwepesi. Katikati ya mchezo msichana mmoja, aliyekuwa ametakiwa kujikaza na kushindwa, aliunyanyua kwa mkono mmoja kwa bahati mbaya. Ukumbi ukaangua kicheko, na mchezo ukaharibika. Kwa onyesho la pili mwalimu aliagiza gogo la mninga. Safari hii hapakuwa na haja ya kuigiza. Wasichana sita walijipanga, wakainama, jasho likawatoka kwelikweli, na gogo lilipanda kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini, likatulia hapo, likitetemeka. Katika safu ya tatu mvulana mmoja alisimama na kuanza kukunja mikono ya shati. Mwalimu alimwashiria aketi, kwa kuwa hakuwa na nafasi katika mchezo ule. Mvulana aliangalia huku na huku, akatutazama sisi wazee wa mbele, akabaki amesimama.

Hatukumwambia aketi.